Moshi wa Jikoni na Vifua Vyetu: Yaliyopimwa Nianjema, Bagamoyo

Kila mkulima wa karafuu anajua kuwa karafuu haipatani na moshi. Mvua ikishika wakati wa mavuno, majamvi yakakosa jua siku tatu mfululizo, wako wanaojaribu kuokoa mali yao kwa moto. Karafuu hiyo mnunuzi huitambua kwa pua kabla hajaitia mkononi, na bei yake huteremka. Wenzetu wa Mrima nao wanajua tofauti ya mbata iliyokauka kwa jua na mbata iliyokauka juu ya moto wa makumbi. Habari tunayowaletea wanachama leo ni ya moshi huo huo, ila si moshi uingiao katika mali. Ni moshi uingiao vifuani mwa watu, na zaidi vifuani mwa wake zetu na watoto wetu.

Tumeanzia Bagamoyo kwa sababu mbili. Ya kwanza, Bagamoyo ni jirani. Kutoka mjini Unguja ni zaidi kidogo ya kilometa 40 kuvuka mkondo, na kutoka Dar es Salaam ni kadiri ya kilometa 70 kwa njia ya kaskazini. Watu wake wanaishi kwa nazi, muhogo, samaki na mpunga kidogo kama sisi. Nyumba zao ni kama zetu, na majiko yao ni kama yetu. Ya pili, ndiko kulikofanywa kipimo. Mambo ya moshi aghalabu husemwa kwa kukisia, bali huko watu walikwenda na vyombo vya kupimia.

YALIYOONEKANA NIANJEMA

Wataalamu hao ni Kilabuko, Matsuki na Nakai, na matokeo ya kazi yao yalichapishwa mwaka 2007. Walikwenda katika kijiji cha Nianjema, Bagamoyo, katika nyumba zipikazo kwa kuni na mfano wake. Katika kila nyumba walipima hewa ya mahali patatu: jikoni, chumba cha kukaa, na nje. Walipima vitu vitatu pia. Cha kwanza ni chembe zile ndogo zilizomo ndani ya moshi. Cha pili ni hewa iitwayo naitrojeni dayoksaidi, ambayo huwasha koo na mapafu. Cha tatu ni kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, nayo ni sumu. Kisha wakauliza habari za afya ya kila mtu wa nyumba: nani amepata kikohozi, mafua au shida ya kupumua, na nani hakupata.

Vitu vyote vitatu vilikuwa vingi zaidi jikoni, na vichache zaidi nje. Hili halitamshangaza mtu. Nyumba ambazo jiko lake liko ndani ya chumba cha kukaa ndizo zilizokuwa na hewa mbaya kuliko zote, isipokuwa kwa ile kaboni monoksaidi peke yake, ambayo haikufuata kanuni hiyo.

Jambo ambalo sisi hatukulitazamia ni la ukubwa wa jamaa. Mtu angedhani kuwa nyumba ya watu kumi, yenye sufuria kubwa na moto wa kutwa, ina moshi mwingi kuliko nyumba ya watu watatu. Haikuwa hivyo. Idadi ya watu haikubadili kipimo cha jikoni. Twadhani sababu ni kuwa moto wa mafiga hufuka sana wakati wa kuuwasha na wakati wa kuuchochea, na kazi hizo mbili zipo hata kama unapika uji wa mtu mmoja. Kwa hiyo mwenye jamaa ndogo asijione kuwa yu salama.

Sasa tutazame magonjwa. Wataalamu waligawa watu mafungu mawili. Fungu la kwanza ni wapishi pamoja na watoto walio chini ya miaka mitano, maana watoto hawa hukaa mgongoni au miguuni kwa mama jikoni. Fungu la pili ni wanaume, na wanawake ambao hawapiki kila siku. Katika fungu la kwanza waliopatikana na maradhi ya njia ya hewa walikuwa 54.67 katika kila 100, yaani zaidi ya nusu. Walipolinganisha uwiano wa waliougua na wasiougua katika mafungu yote mawili, uwiano wa fungu la moshi ulikuwa mara 5.5 ya ule wa fungu la pili. Na walipoweka mipaka ya shaka, hesabu haikuteremka chini ya 3.6 wala haikupanda juu ya 8.5. Hii si sawasawa na kusema kwamba waliugua mara tano na nusu zaidi, maana uwiano wa namna hii hukuza kidogo tofauti pale ugonjwa unapokuwa wa watu wengi. Lakini hata aliye mgumu wa kusadiki hataweza kuiita tofauti hiyo ndogo.

Yafaa kusema pia kuwa hiki kilikuwa kijiji kimoja, na maradhi yaliulizwa kwa maneno, hayakuthibitishwa na daktari kitandani. Mtoto mdogo huugua kifua kwa sababu nyingine pia, ukiwamo udogo wake wenyewe. Wataalamu wale walilijua hilo, nao walisema kuwa uchunguzi zaidi unatakiwa. Uchunguzi huo umefanywa mahali pengi tangu hapo, na tutaufikia.

MOSHI NI KITU GANI

Kuni kavu kabisa, ikipata hewa ya kutosha, huungua ikaisha. Hubaki majivu, joto, mvuke, na kaboni dayoksaidi. Lakini moto wa mafiga haupati hewa sawasawa, na kuni zetu aghalabu ni mbichi au zimenyeshewa. Sehemu ya kuni haiungui ikaisha, bali hupaa ikiwa masizi, lami na hewa za sumu. Masizi yaliyoganda juu ya makuti ya jiko na chini ya sufuria ndiyo hayo hayo yaingiayo kifuani.

Gawa milimita moja mafungu 1,000. Unene wa unywele ni kama mafungu 70. Chembe za moshi zenye mafungu 10 hivi, nyingi hukamatwa na pua na makohozi, na mtu huzitoa kwa kukohoa au kupenga kamasi. Lakini zile zenye mafungu 2.5 na chini yake hupita njia yote mpaka katika vile vifuko vidogo vya mapafu ambamo damu hupata hewa. Huko hakuna makohozi ya kuzitoa. Mwili hupeleka askari wake kupigana nazo, mahali pakavimba, na vita hivyo vikiendelea kila siku kwa miaka thelathini mapafu hupoteza ulaini wake. Nyingine zilizo ndogo zaidi huingia katika damu na kudhuru mishipa. Ndiyo sababu moshi, ambao watu wengi huudhani ni adui wa kifua tu, huua zaidi kwa maradhi ya moyo na kiharusi.

Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliweka kanuni kuwa wastani wa chembe hizi ndogo kwa mwaka usipite maikrogramu 5 katika meta moja ya ujazo wa hewa. Jiko la kuni lisilo na pa kutokea moshi laweza kuwa na mamia, na wakati wa kuwasha hata maelfu. Shirika hilo hilo limekadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 3.2 duniani walikufa kwa sababu ya moshi wa majumbani, na kati yao zaidi ya 230,000 walikuwa watoto wasiotimiza miaka mitano. Katika kila 100 waliokufa, kama 32 walikufa kwa maradhi ya moyo, 23 kwa kiharusi, 21 kwa nimonia na maradhi mfano wake, 19 kwa ule ugonjwa wa mapafu usiopona ambao humfanya mtu mzima ahemee kila apandapo ngazi, na 6 kwa saratani ya mapafu. Juu ya hayo, wazee wanawake wapikao kwa kuni hupata mtoto wa jicho zaidi, na wajawazito huzaa watoto wenye uzito mdogo.

Mtoto mchanga huumia kuliko mtu mzima kwa sababu iliyo wazi ukiitafakari. Njia zake za hewa ni nyembamba, kwa hiyo uvimbe mdogo tu huziba. Tena yeye hupumua upesi kuliko mama yake, basi kwa saa ile ile moja huvuta moshi mwingi zaidi kwa kila ratili ya mwili wake. Hatari ya nimonia kwa mtoto alelewaye katika moshi inakaribia kuwa maradufu.

MKAA HAUNA MOSHI, LAKINI

Wengi wetu tuliohama kutoka kuni kwenda mkaa tunaona tumekwisha okoka. Ni kweli kuwa seredani haifuki kama mafiga. Chembe hupungua sana. Lakini mkaa hutoa kaboni monoksaidi kwa wingi, nayo haionekani wala hainuki. Hewa hii hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huendelea kuvuta pumzi kama kawaida, huku damu yake haichukui kitu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi. Usingizi ndio ulio wa hatari, maana mtu aliyelala hawezi kujua kuwa anazimika.

Basi desturi ya kuingiza seredani chumbani na kufunga madirisha wakati wa baridi ya kusi ni desturi ya kuachwa kabisa. Wako pia wamwekeao mzazi makaa ndani ya chumba katika siku zake arobaini, yeye na kichanga, ili wapate joto. Nia ni njema. Lakini kwa mtoto wa siku saba, chumba kilichofungwa chenye makaa ni mahali pabaya kuliko baridi. Nguo zipashwe moto nje, maji yachemshwe nje, kisha yaletwe ndani.

Kuhusu udi na ubani tunasema kwa adabu, maana hakuna nyumba ya pwani isiyo na chetezo. Ubani nao ni moshi. Mwaka 2009 wataalamu wa Omani, ambako ndugu zetu wengi wanaishi, walichapisha uchunguzi juu ya watoto wa shule: hawakuona kuwa ubani huwapa watu pumu, lakini waliona kuwa wale walio na pumu tayari huzidiwa nyumbani mnapofukizwa. Mwenye mtoto wa pumu afukize nguo zikiwa nje, au mtoto akiwa hayupo.

Na wale wasemao kuwa moshi wa jikoni una faida ya kufukuza mbu, twawajibu kuwa chandarua chafanya kazi hiyo bila kukohoza mtu.

Mkaa wenyewe umetoka wapi? Sehemu ya mkaa wa visiwa vyetu hutoka bara, nao wakazi wa Dar es Salaam hupata wao kutoka misitu ya Pwani na mbali zaidi, na Bagamoyo na Chalinze zimo katika njia hiyo. Benki ya Dunia ilikadiria mwaka 2009 kuwa Tanzania hutumia kama tani milioni moja za mkaa kwa mwaka, na nusu yake ni Dar es Salaam. Mchoma mkaa hukata magogo, huyapanga, huyafunika kwa majani na udongo, akayachoma polepole siku nyingi. Moshi ukiwa mweupe mzito, kuni bado zina maji. Ukigeuka mwembamba wa samawati, mkaa u karibu. Kwa tanuri hizi za udongo, kutoka tani moja ya mkaa zaweza kuliwa tani tano mpaka kumi za kuni. Kwa hiyo moshi ambao haukuonekana jikoni kwako ulikwisha fuka porini, na aliyeuvuta ni yule mchomaji, akilala kando ya tanuri ili lisitoboke.

Hatuandiki haya ili kumlaumu yeye. Mtu mwenye watoto, asiye na mikarafuu, hufanya kazi iliyopo. Misitu michache ya huko imepata kinga: Hifadhi ya Taifa ya Saadani, iliyotangazwa mwaka 2005, imechukua ndani yake msitu wa Zaraninge. Mikoko ya midomo ya Ruvu na Wami nayo ina sheria yake, ingawa wakataji hawakukoma. Mikoko hiyo zamani ilikuwa ndiyo kuni ya matanuu ya chokaa, na nyumba kongwe za mawe za Bagamoyo zilijengwa kwa chokaa ya matumbawe yaliyochomwa kwa moto wa namna hiyo.

MOSHI WA NJE

Nianjema hewa ya nje ndiyo iliyokuwa nzuri kuliko zote, na sisi wa visiwani twajivunia upepo wetu. Mchana, upepo wa bahari hupeperusha kila kitu. Lakini jioni, baina ya magharibi na isha, upepo hulala. Ardhi hupoa upesi, na hewa ya chini ikiwa baridi kuliko ya juu, moshi haupandi. Huo ndio wakati kila nyumba inapopika. Ukisimama mahali pa juu utauona umelala juu ya mapaa kama shuka. Jiko la jirani wakati huo ni jiko lako pia.

Katika ufuo wa Bagamoyo na wa Kunduchi wako wakaangaji samaki, wanaosimama mbele ya kuni na mafuta yanayochemka tangu mashua zifikapo. Kwetu Unguja wako wachemshaji dagaa. Hawa wana paa la mbingu, lakini uso wa mtu ukiwa juu ya moto muda wa saa sita, kuwa nje hakumfai sana.

Ukiendelea kusini kwa barabara ya Bagamoyo moshi hubadilika jina. Wazo Hill pana kiwanda cha saruji tangu mwaka 1966. Kuanzia Tegeta kuingia mjini ni magari. Hapo kuna habari njema mbili zisizosimuliwa vya kutosha. Zamani petroli ilitiwa risasi, madini yadhuruyo akili za watoto. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia Januari 2006, na nchi ya mwisho duniani, Algeria, mwaka 2021. Tena kuanzia Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli ambayo salfa yake haipiti sehemu 50 katika milioni. Hakuna dereva aliyeona tofauti, wala hakuna aliyepiga ngoma, lakini mambo hayo mawili yamewafaa watoto wengi.

Ulaya walijifunza kwa msiba. Mwezi wa Disemba mwaka 1952, mjini London, moshi wa makaa ya mawe ulilala juu ya mji siku tano kwa kukosa upepo. Watu 4,000 walihesabiwa kuwa wamekufa kwa ajili yake, na waliohesabu upya baadaye walifika kama 12,000. Mwaka 1956 sheria ya hewa safi ikapitishwa. Angalia kuwa moshi ule haukuwa wa viwanda peke yake. Sehemu kubwa ilitoka katika dohani za nyumba za watu.

Nasi tulionja kidogo. Umeme wa Unguja hupita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni, kaskazini ya Dar es Salaam, mpaka Fumba, kwa waya wa kwanza wa mwaka 1980. Disemba 2009 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa kama miezi mitatu katika giza. Kila aliyekuwa na uwezo alinunua jenereta, wengine wakaliweka barazani au chini ya dirisha la kulalia. Wanachama wa Unguja wanakumbuka koo zilivyowasha. Waya wa pili, mkubwa zaidi, ulianza kazi mwaka 2013. Pemba imepata wake kutoka Tanga mwaka 2010.

MAJIKO MAPYA YAMELETA NINI

Hapa lazima tuseme kweli, maana wauza majiko husema mengi. Malawi lilifanywa jaribio kubwa lenye watoto zaidi ya 10,000, na matokeo yakatoka mwishoni mwa 2016. Nusu ya vijiji vilipewa majiko ya kuni yenye feni ndogo, ambayo moshi wake ni mchache. Watoto walioungua moto walipungua. Lakini nimonia haikupungua hata kidogo. Miaka michache baadaye majiko ya gesi yalijaribiwa katika nchi nne, Rwanda ikiwamo. Moshi jikoni ulipungua sana, lakini matokeo yaliyotolewa mwaka 2024 hayakuonyesha kuwa nimonia kali imepungua kwa kiasi cha kuthibitishwa.

Je, ndiyo kusema moshi haudhuru? La. Wataalamu wa Malawi wenyewe walionyesha kuwa mtoto huvuta moshi wa jirani, wa tumbaku na wa takataka zinazochomwa uani, hata jiko la mama yake likiwa jipya. Tena maradhi ya moyo na yale ya mapafu ya watu wazima huja kwa miaka mingi, na jaribio la miaka miwili haliwezi kuyapima. Sisi twaona fundisho lake ni kuwa jiko moja safi katika mtaa wa majiko machafu hulinda kidogo, na jiko lililoboreshwa nusu nusu hulinda kidogo vile vile. Takataka nazo, hasa plastiki, zisichomwe karibu na nyumba. Watu wanaohangaika na kuni huku wakiteketeza mifuko uani wanajisumbua bure.

Serikali ya Muungano imekwisha lichukua jambo hili. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, na shabaha yake ni kuwa kufikia mwaka 2034 Watanzania 80 katika kila 100 wapike kwa nishati safi. Serikali imesema kuwa watu zaidi ya 33,000 hufa kila mwaka nchini kwa moshi wa majumbani. Kinachozuia si ujinga, ni fedha na namna ya kuzitoa. Mkaa hununuliwa kwa kopo, leo kopo, kesho kopo. Mtungi wa gesi hutaka fedha za mwezi kwa siku moja, na mtu asiye na mshahara hana siku hiyo. Lakini mkulima wa karafuu anayo siku moja ya namna hiyo kila mwaka, nayo ni siku ya kulipwa. Mwenye kununua mtungi na jiko siku hiyo, kabla fedha hazijaenda kwenye harusi na mabati, atakuwa amefanya biashara njema. Wenye umeme wajue kuwa sufuria ya umeme ya presha hupika maharage kwa umeme mdogo kuliko wengi wadhanivyo. Mafuta ya taa hatuyasifu. Nayo hutoa moshi, tena huunguza watu.

KWA WALIOKO MADAGONI

Wakati wa mavuno jamaa nzima huhamia dago. Banda ni moja, la makuti, na humo humo hupikwa, hulaliwa na huachwa watoto mchana. Hiyo ndiyo ile namna ya jiko ambayo Nianjema ilionekana mbaya kuliko zote. Gharama ya kuigeuza ni nguzo nne na makuti machache: banda la jiko peke yake, upande ambao upepo hautaleta moshi penye malazi, lisilo na kuta pande mbili. Kuni zikatwe mapema na kuwekwa mahali pakavu, maana kuni mbichi hufuka mara nyingi zaidi. Maharage yarowekwe usiku ili moto wa asubuhi uwe mfupi. Na anayechochea asimbebe mtoto mgongoni. Kama hakuna wa kumshika, alazwe mbali na jiko machoni pa mama yake. Kuchoma makonyo dagoni kwa kuwa yako tele pia si vizuri: moshi wake ni mkali, na makonyo yana mnunuzi.

Mtoto akianza kukohoa na homa, usihesabu siku, hesabu pumzi. Mtulize, asiwe analia wala ananyonya, tazama kifua chake, na kwa saa yenye sekunde uhesabu dakika moja nzima. Kwa mtoto asiyetimiza miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Kuanzia miezi miwili mpaka kabla ya mwaka, ni 50. Kuanzia mwaka mmoja mpaka mitano, ni 40. Akifika hapo, au mbavu za chini zikiwa zinabonyea ndani kila avutapo pumzi, au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali usiku huo huo, hata kama karafuu ziko majamvini na mawingu yametanda.